Bendera za Vita: Rangi, Majina na Maana Zake, Kutoka Pwani Hadi Ipililo

Neno "bendera" limeingia katika Kiswahili kutoka Kireno, na laonekana kuwa liliingia pamoja na kitu chenyewe, kikiwa juu ya mlingoti wa chombo na juu ya ukuta wa ngome. Kando yake lipo neno "beramu", ambalo limebaki zaidi katika ndimi za washairi. Vitenzi vinavyokwenda na neno hilo navyo vyatoka baharini: bendera hutwekwa kama tanga, hupepea, na hushushwa. Hata methali ijulikanayo na wote, ya kwamba bendera hufuata upepo, ni methali ya watu waliozoea kuutazama upepo kabla ya kusafiri. Kwa hiyo mtu atakaye kuzihakiki bendera za vita za Afrika ya Mashariki yampasa aanze kwa kukumbuka ya kuwa kitu hiki kilikuja kutoka nje, kikapokewa pwani, kisha kikasafiri kwenda bara pamoja na watu wenye bunduki.

Ipililo ni mbali na pwani. Ni mahali pa wakulima wa pamba na wafugaji katika Wilaya ya Maswa, nchi ya Wasukuma, ndani ya Mkoa wa Simiyu uliotengwa na Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao yake Bariadi. Hakuna jahazi wala ngome huko. Lakini bendera ipo, kama ilivyo katika vijiji vyote vya Tanzania, mbele ya shule na mbele ya ofisi ya serikali ya kijiji. Na kijana wa huko amalizaye kidato cha sita aweza kuitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambako atasimama mbele ya bendera ile ile, ila safari hii akiwa katika gwaride na akifuata amri. Kitambaa alichokijua utotoni kama kitu cha shule humgeukia kuwa kitu cha jeshi. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, alama za kitambaa hicho zasomeka Ipililo, au zasomeka tu kule zilikochorwa?

Jibu la kawaida ni jepesi mno. Kila mtoto wa shule hufundishwa orodha: kijani ni mimea na ardhi ya kilimo, manjano ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Orodha hiyo si ya uongo. Ndiyo maelezo rasmi ya bendera ya Tanzania iliyochukuliwa mwaka 1964. Lakini kuisoma bendera kwa orodha ni sawa na kulisoma shairi kwa kamusi. Kila neno lapata maana yake, na shairi lenyewe halijasomwa. Orodha haisemi kwa nini watu walikuwa tayari kufa kwa ajili ya kitambaa, wala kwa nini kitambaa kimoja kikishushwa mji mzima hushika silaha.

Njia iliyo bora ni kuanza na majina ya rangi zenyewe. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivyo huchukua viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine, na havikutajwa kwa jina la kitu chochote. Rangi nyingine zote zimepewa majina kutokana na vitu au zimeazimwa. Kijani ni rangi ya majani. Manjano ni jina la bizari. Samawati ni rangi ya mbingu, na jina lake ni la Kiarabu. Buluu imetoka kwa Waingereza. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ni jambo la sarufi tu, lakini zikipangwa bendera zilizopepea katika nchi hii kwa miaka mia moja na hamsini, huonekana kuwa ni zaidi ya sarufi.

Bendera ya kwanza kuonekana bara ilikuwa nyekundu tupu. Ndiyo bendera ya Sultani wa Unguja, iliyobebwa mbele ya misafara. Burton, aliyepita katika njia ya Tabora mwaka 1857, ameeleza jinsi kirangozi alivyotangulia akiwa nayo, na jinsi ilivyokuwa alama ya msafara utokao Unguja. Haikuwa na mwezi, wala nyota, wala maandishi. Kwa mtazamo wa mchoraji ni bendera maskini kuliko zote. Kwa mtazamo wa kazi ilitosha kabisa. Maana yake haikuwa ndani ya kitambaa, ilikuwa katika mahali pake: kitambaa kilitangulia, bunduki zikafuata. Tena wekundu huo haukuwakuta watu wa bara wakiwa hawana maana yao wenyewe. Rugaruga, yaani askari wa watemi wa Unyamwezi kama Mirambo, walijulikana kwa kuvaa vitambaa vyekundu, na wekundu huo ulikuwa wa damu. Rangi ya mfalme wa ng'ambo na rangi ya vita ya wenyeji zilikutana njiani, na kila upande ukasoma ilichojua.

Kwa Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi, dalili kubwa ya utawala haikuwa kitu cha kutazamwa juu ya mti. Ilikuwa ngoma. Ngoma za utemi zilitunzwa kwa heshima, na baadhi yake zaweza kuonekana hata leo katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Mtemi alisikiwa kabla ya kuonekana. Bendera ilibadili jambo hilo: ilileta utawala ambao husema kwa kimya, na ambao mtu wa mbali aweza kuutambua bila kuujua wimbo wake. Hasara yake ni kwamba kisemacho kimya huhitaji mfasiri, ilhali ngoma ya kwao Msukuma hakuhitaji kufasiriwa.

Jinsi kitambaa kisicho na picha kiwezavyo kubeba mambo mazito ilionekana Pangani katika mwezi wa Agosti 1888. Kwa mkataba wa Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wadachi, kwa sharti ya kwamba utawala uendeshwe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Wakala wa kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alitaka bendera ya kampuni itwekwe, na bendera ya Sultani iondolewe katika nyumba ya liwali. Liwali alipokataa, askari wa manowari Carola walishushwa pwani, na jambo likafanywa kwa nguvu. Vita vilivyofuata, vya Abushiri na wenzake, ndivyo vilivyosimuliwa na Hemedi bin Abdallah katika utenzi wake juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima.

Bendera ya kampuni yastahili kutazamwa kwa jicho la mhakiki. Ilikuwa nyeupe yenye msalaba mweusi, na pembeni juu palikuwa na kipande chekundu chenye nyota tano nyeupe, ambazo ni nyota za msalaba wa kusini. Mchoraji wake alikusudia kusema kwamba Udachi umefika chini ya nyota za kusini. Lakini huko Pangani hakuna aliyeihitaji elimu ya nyota ili kuifahamu. Walichokiona watu ni kwamba kitambaa kimoja kimeshushwa na kingine kimetwekwa. Kila alama ndani ya bendera ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya. Kwa msomaji wa Pangani, maana nzima ilikuwa katika vitenzi viwili, kushusha na kutweka.

Hali ilikuwa hivyo hivyo Unguja tarehe 27 Agosti 1896, wakati manowari za Kiingereza zilipolipiga kwa mizinga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja. Bendera nyekundu ya jumba ilipoangushwa kwa risasi, mizinga ilinyamaza. Kitambaa kilichokuwa hakina hata herufi moja kilisomwa na pande zote mbili, na usomaji huo uliamua watu wangapi zaidi wangekufa. Labda hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo wa kwamba bendera ya vita ni usemi, wala si pambo.

Baada ya kampuni ilikuja serikali ya Wadachi yenyewe, na pamoja nayo bendera ya Dola: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Bendera ya vita ya Dola hiyo ilikuwa na mambo mengi zaidi, yaani msalaba mweusi juu ya weupe, tai katikati, rangi tatu za Dola pembeni juu, na juu yake msalaba wa chuma. Hapa pana jambo ambalo wachoraji wa Berlin hawakulijua. Rangi walizozichagua kwa sababu za Prussia na za miji ya biashara ya kaskazini zilikuwa ndizo rangi tatu, na tatu tu, ambazo Kiswahili kina vivumishi vyake vya asili. Askari wa Kisukuma au wa Kinyamwezi, na walikuwa wengi katika jeshi hilo, aliweza kuitaja bendera nzima bila kuazima neno. Lakini kuweza kuitaja si kuielewa. Tai na msalaba wa chuma vilibaki mambo ya watu wengine.

Waingereza walipofika walileta desturi iliyo na urasimu zaidi. Kikosi cha King's African Rifles kilikuwa na bendera za aina mbili: ya Mfalme, iliyo mfano wa bendera ya Uingereza yenye taji na jina la kikosi, na ya kikosi chenyewe, ambayo juu yake huandikwa majina ya mapigano. Bendera ya namna hiyo ni kitabu. Hariri yake hubeba historia, na askari hufundishwa kuilinda kama alindavyo heshima yake. Ni mtindo mzuri kwa sanaa, kwa kuwa bendera huongezeka maana kadiri kikosi kinavyoishi. Ila historia iliyoandikwa humo iliandikwa kwa lugha na herufi ambazo wengi wa walioilinda hawakuweza kuzisoma, na mapigano yenyewe yalichaguliwa na wengine.

Mfano wa kikosi cha 6 watosha. Kilipoundwa upya mwaka 1917, kilipokea askari waliokuwa wametumika kwa Wadachi. Mtu aliyepata kula kiapo chini ya tai akasimama chini ya taji, vita vikiwa havijakwisha. Ni rahisi kumtupia methali ya bendera na upepo, na kusema kwamba hakuwa na uthabiti. Hukumu hiyo si ya haki. Askari yule hakubadili maana, kwa sababu hakuna bendera hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa imempa maana ya kuibadili. Alichokuwa nacho ni mshahara, wenzake, na ujuzi wa kazi yake, na hivyo vyote alikwenda navyo.

Kipimo cha bendera zilizofuata kimo katika jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliitweka bendera ya Tanganyika na kuusimika mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Waliochagua askari kwa kazi hiyo walifanya jambo lenye maana: bendera ya kwanza ya nchi huru ilishikwa na mkono wa jeshi, lakini mahali pasipo na adui. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii kutweka hakukuwa na kushusha kwa mwingine mbele ya bunduki. Jeshi lenyewe, hata hivyo, lilibadilishwa jina tu, likaitwa Tanganyika Rifles, na maofisa wengi walibaki kuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, na kesho yake wale wa Tabora. Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza msaada, jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Maasi yale yalikuwa na sababu za mishahara na vyeo, wala haitakiwi kusema kwamba yalitokana na kitambaa. Lakini yalidhihirisha ya kuwa bendera mpya juu ya jeshi la zamani haitoshi. Jibu lililotolewa lilikuwa kwanza la maneno. Neno "wananchi" likatiwa katika jina la jeshi. Kambi ya Colito baadaye ikaitwa Lugalo, mahali ambapo mashujaa wa Mkwawa walimwua Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, yule yule aliyetaka bendera ishushwe Pangani. Jina hilo lafanya kazi ambayo kwa Waingereza ilifanywa na hariri yenye majina ya mapigano. Na lafanya kwa neno ambalo askari yeyote aweza kulisimulia kwa lugha yake.

Bendera ya Jamhuri ya Muungano ilichukuliwa mwaka huo huo. Mchoro wake una sifa mbili zinazostahili kusifiwa. Ya kwanza ni mshazari. Bendera yenye milia ya kulala, ikikosa upepo na kuning'inia, huweza kuficha baadhi ya rangi zake. Mshazari hukata kitambaa toka pembe ya chini hadi pembe ya juu, na hata kikilala juu ya mlingoti kila rangi huonekana kwa sehemu. Ya pili ni kukosekana kwa silaha. Bendera ya Kenya ya mwaka 1963 ina ngao na mikuki miwili. Ya Uganda ya mwaka 1962 ina korongo, ndege aliyekuwa beji ya askari wa nchi hiyo zamani za Waingereza. Ya Msumbiji, tangu mwaka 1983, ina bunduki pamoja na jembe na kitabu. Tanzania iliuweka mkuki katika Ngao ya Taifa, pamoja na jembe na shoka, na chini yake ikaweka mkarafuu na mpamba. Silaha ikawa katika mhuri, na kitambaa kinachosalimiwa na jeshi na watoto wa shule kikabaki bila damu.

Tena si damu tu iliyoachwa. Wekundu wenyewe haumo. Ukitazama kwa kipimo cha sarufi kilichotajwa, bendera ya mwaka 1964 imezitoka rangi za bendera za vita za zamani. Sultani alikuwa na nyekundu. Kampuni na Dola ya Wadachi walikuwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Bendera mpya ina majani, bizari na mbingu, yaani rangi zilizopewa majina ya vitu vya shamba, vya jikoni na vya juu ya kichwa cha kila mtu. Ndiyo maana orodha ya shuleni hufundishika kwa urahisi: kijani yajieleza kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Nyeusi peke yake ndiyo isiyojieleza. Ni kivumishi cha asili, hakina kitu ndani yake, na kwa hiyo maana yake lazima itolewe na watu. Maelezo rasmi yasema ni watu wa nchi hii. Lakini Usukumani weusi una historia ndefu kuliko hiyo. Katika matambiko ya mvua, weusi wa kitambaa na wa kondoo ni weusi wa wingu lililoshiba maji. Ni rangi ya kuombwa, wala si ya kuogopwa. Mzee wa Ipililo akiutazama mstari mweusi ulio katikati ya kijani na buluu, aweza kuona wingu lililosimama kati ya shamba na mbingu, na usomaji wake ukakamilika bila kumkosa mtu: maana mvua ni ya nani kama si ya watu? Mjukuu wake akirudi kutoka shuleni atamwambia kwamba amekosea.

Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si ya mchoraji. Mchoro umeacha nafasi, mafundisho yameiziba. Bendera iliyoundwa ili iwe ya wananchi imewekewa maana moja kwa kila rangi, kana kwamba ni alama za barabarani, na msomaji wa bara amerudishwa mahali alipokuwa askari wa kikosi cha 6: anasimama mbele ya kitambaa ambacho maana yake imekwisha kuamuliwa mahali pengine. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna haja ya kuwa hivyo, kwani alama zenyewe zasomeka kwake kwa njia yake.

Yaweza kujibiwa kwamba jeshi haliwezi kuishi kwa maana nyingi; kwamba askari wa Maswa na askari wa Pemba lazima wasalimu kitu kimoja. Hoja hiyo ina nguvu, na nusu yake ni kweli. Amri lazima iwe moja. Lakini alama si amri. Maana mbili zisizopingana haziligawi gwaride, ila humpa kila mtu sababu yake ya kusimama wima. Bendera nyekundu ya misafara ilisomwa kwa namna mbili na ikawaongoza watu mamia ya maili. Kilichokosekana kwake hakikuwa umoja wa maana, kilikuwa haki.

Imebaki kasoro moja ndogo ya mchoro, ambayo hata hivyo huleta aibu kwa wepesi. Bendera ya mshazari ikigeuzwa juu chini, mshazari hubaki pale pale. Kinachobadilika ni kwamba buluu huwa juu karibu na mlingoti mahali pa kijani. Fundi cherehani asiyefundishwa hawezi kuliona kosa, na mtwekaji mwenye haraka hawezi kulihisi mkononi. Jeshini kosa hilo hukemewa papo hapo. Katika vijiji, ambako jua huipausha buluu na kijani hata zikakaribiana, laweza kupepea siku nyingi bila mtu kusema neno. Dawa yake ni ndogo: mtoto afundishwe mahali pa kila rangi kabla ya kufundishwa maana yake. Na akifika kwenye nyeusi, mwalimu wa Ipililo angefanya vema kumwambia maelezo ya serikali, kisha kumtuma nyumbani akamwulize babu yake.